Mguu wa Kwanza Kwenye Mkanda wa Isongele

Hapo zamani, si zamani za sungura na fisi bali zamani hizi hizi za saruji na ramani, palikuwa na mji wa milimani uitwao Isongele. Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitawauliza swali, na kukoroma si jibu.

Isongele ilitaka kujivika mkanda. Barabara moja izunguke mji mzima kwenye mabega ya milima, magari yapite taratibu upande wa ndani, waenda kwa miguu wapite upande wa nje, chini ya miti, mji wote ukionekana chini yao. Mtu atoke mlangoni kwake asubuhi, aende mbele tu, mbele tu, mpaka arudi mlangoni kwake bila kugeuka nyuma. Aliyeuwaza Mkanda huo ni mpima ardhi wa mji, Mzee Ambilikile. Kila mtaa ulichimba kipande chake. Na kila kipande kilipokwisha, mtu mmoja tu, aliyekifanyia makubwa kuliko wote, alitangulia kukikanyaga. Huo ndio ulioitwa mguu wa kwanza, na kipande kilichukua jina lake, au jina la mzazi wake akipenda. Vipande kumi na viwili vikapata majina. Cha kumi na tatu kikagoma.

Kiligomaje? Mtaa wa Juu walichimba kutoka mashariki, Mtaa wa Bondeni wakachimba kutoka magharibi, wakutane katikati ya mteremko. Siku ya kukutana, wa Juu wakatokea juu ya genge na wa Bondeni wakatokea chini ya genge, na genge lenyewe lina kimo cha nyumba tatu. Wa juu wakapiga kelele, "Mmepotea!" Wa chini wakajibu, "Ninyi ndio mliopotea!" Wakabeba majembe yao wakaenda zao, na kati yao likabaki Pengo, miaka ishirini.

Mzee Ambilikile alizeeka akiitwa Mzee Nusu. Binti yake, Tusekile, alilisikia jina hilo shuleni, akalisikia sokoni, akalisikia hata kwenye mazishi ya baba yake, likitamkwa kwa kunong'ona na watu waliokuwa wakila wali wa msiba. Lilimchoma. Akasomea kazi ile ile ya baba, akaajiriwa katika ofisi ya mipango miji ya Isongele, akaenda kwa Meya na kusema, "Nipe Pengo."

"Nakupa," akasema Meya. "Lakini masika yakianza hujalifunga, kazi inasimama, na mimi siianzi tena."

Tusekile akatoka ameapa moyoni kwamba mguu wa kwanza utakuwa wake, na kipande cha kumi na tatu kitaitwa Ambilikile, watu wapende wasipende.

Akaanza kwa kutafuta kosa. Alitumaini ni kosa la mitaa ile miwili. Akasoma daftari la baba yake, akakuta maagizo aliyoupa kila mtaa: songeni mbele pima mia nane, ndipo muanze kushuka, au kupanda. Akaenda Mtaa wa Bondeni, akamuuliza bibi mmoja aliyechimba enzi zile, "Bibi, hizo pima mia nane mlizihesabuje?"

"Kwa mikono ya jumbe wetu, mwanangu. Anyooshe mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo pima moja. Ulitaka tupime kwa pua?"

Jumbe wa Bondeni alikuwa mfupi. Jumbe wa Juu alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Kila mtaa ulipima kwa mwili wa mkubwa wake, kama Isongele ilivyopima mashamba yake tangu enzi. Na kamba moja ya kupimia, ambayo ingewapatanisha wote, Tusekile alijua ilipo. Ilikuwa ukutani nyumbani kwao, imening'inia. Baba yake hakuituma. Ndiyo, jamani, kosa lilikuwa la Mzee Ambilikile mwenyewe. Tusekile aliketi chini ya kamba ile akalia, kisha akafuta uso, akachora njia mpya: kona saba za kushuka polepole ubavuni mwa genge, kwa mwendo ambao hata mjamzito angeumudu. Kila aliyeona mchoro ule alisema, "Kumbe inawezekana!"

Iliwezekana, ila ilipita katikati ya shamba la kahawa la Bi Subilaga.

Bi Subilaga alikuwa mjane mwenye panga kali na ulimi mkali zaidi. Kwa miaka ishirini kila mtu wa ofisi aliyekuja kutafuta njia ya kupita shambani mwake alitimuliwa, na vigingi vyao aliving'oa akapikia maharage. Tusekile akafika, akasimama nje ya ua.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Kama una karatasi, iache hapo nje na kuku."

Tusekile akaiacha. Siku tatu alichuma kahawa pamoja naye bila kutaja barabara. Siku ya nne akasema, "Bibi, Pengo ni kosa la baba yangu. Hakutuma kamba."

Bi Subilaga akatua kikapu. "Rudia."

"Baba yangu alikosea, Bibi."

"Miaka ishirini," akasema Bi Subilaga, "wanakuja kuniambia mimi ndiye kizuizi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema 'tulikosea'." Akachukua panga. Akakata mwenyewe mibuni arobaini iliyopandwa na marehemu mume wake, mmoja mmoja, akitaja jina la mume kila mbuni ulipoanguka. Akakataa fidia. Akaweka sharti moja tu: "Njia ipite mbele ya mlango wangu, na kila apitaye anisalimie. Nimechoka kukaa kimya."

Ikabaki kazi ya ukuta wa kuzuia udongo. Hiyo akapewa Lwitiko, mwashi hodari kuliko wote Isongele, na mwenye haraka kuliko wote pia. Akajenga usiku na mchana. Tusekile akamwambia, "Kaka, acha matundu ya kutolea maji."

"Dada, matundu yanachelewesha. Ukuta wangu haujawahi kuanguka."

Ikaja mvua moja tu ya kutangulia masika, ukuta ukaanguka. Mawe yakabiringika korongoni, huko chini yasikofikika. Zikabaki siku nane, na jiwe la kuchonga halikupatikana mji mzima.

Nimekosea, lilipatikana. Lwitiko alikuwa akijijengea nyumba ya mawe kwa miaka tisa, imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Alirudi nyumbani, akamtazama mkewe, mkewe akamtazama.

"Bomoa," mkewe akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Akabomoa. Asubuhi yake Isongele iliona jambo ambalo haijawahi kuliona: watu wa Juu na watu wa Bondeni wamejipanga mstari mmoja, wakipokezana mawe ya nyumba ya Lwitiko mkono kwa mkono, wakiimba. Hata wale waliosema wenzao wamepotea sasa walikuwa wakigombea kupokea jiwe. Safari hii ukuta uliachiwa matundu, mengi hata yakazidi. Siku ya nane, alasiri, kona ya saba ikafunguka. Pengo likafa! Vigelegele vilianzia juu ya genge, vikajibiwa chini, vikazunguka Mkanda mzima mpaka vikarudi vilikoanzia. Masika yakanyesha usiku ule, ukuta ukayatema maji, ukasimama.

Siku ya uzinduzi mji wote ulijipanga kwenye Mkanda, ngoma mbele. Meya akasimama kwenye mstari wa chokaa na kuuliza, "Mguu wa kwanza ni wa nani?"

Tusekile akasema, "Ni wangu. Nililitafuta kosa, na nilipolikuta ni la baba yangu sikulificha. Nikachora njia. Bila mchoro mngekuwa mnatazamana hadi leo."

Mtu akapaza sauti, "Mtoto kurekebisha alichoharibu baba ni wema, au ni wajibu?"

Bi Subilaga akasema, "Ni wangu. Mchoro ni karatasi. Aliyetoa ardhi ni mimi, na mibuni ya mume wangu nimeikata kwa mkono huu."

Mwingine akapaza sauti, "Aliyefunga mlango miaka ishirini, akiufungua leo, tumpigie magoti?"

Lwitiko akasema, "Ni wangu. Mmesimama juu ya nyumba yangu. Mke wangu na watoto wanalala kwa shemeji."

"Na ukuta wa kwanza uliuangusha nani?" wakamjibu.

Hakuna aliyekasirika, furaha ilikuwa kubwa mno. Watu walicheka, wakayataja majina yote matatu kwa sauti moja, ngoma zikazidi. Ila Tusekile hakucheka. Aliutazama mstari wa chokaa. Hatua moja tu ilibaki ili baba yake asiitwe Nusu tena. Kisha akawatazama wenzake wawili, akaona kwamba nao, kila mmoja, wana marehemu au watoto wa kuwajibu.

Meya akafuta jasho, akawageukia watu: "Mimi ni Meya, si mganga. Amueni ninyi."

Nami nawageukia ninyi hivyo hivyo. Msiniletee jibu la "wote watatu": desturi inataka mguu mmoja na jina moja. Msiniletee la "hakuna": mji mzima umesimama unangoja kuzunguka. Ngoma inalia, mstari ni mweupe, watatu wamesimama bega kwa bega.

Je, nani alistahili mguu wa kwanza?