Spika ya Chumbani kwa Mama

Wapendwa, leo niwape habari ya bwana mmoja aliyekuwa akimtunza mama yake. Nasema akimtunza, na sisemi kwa kejeli. Majirani walimsifu kwa hilo, na hawakukosea.

Bwana huyu alikuwa na duka la vipuri vya magari. Mama yake alipoanza kusumbuliwa na miguu, akamtoa kijijini, akamleta mjini, akampa chumba kizuri cha nyuma. Mama alikuwa haoni vizuri, na kutembea kwake ni kwa kushikilia ukuta. Burudani yake ilikuwa moja tu, muziki. Alikuja na boksi zima la CD. Humo mlikuwa na nyimbo za kwaya, na mlikuwa na dansi la zamani ambalo, kusema kweli, alilipenda kuliko kwaya.

Sasa CD mnaijua. Inapiga, inafika mwisho, inanyamaza. Na mama vitufe havioni. Kwa hiyo ikinyamaza tu, anaita, "Mwanangu, imekwisha." Mwanawe anaacha alichokuwa akifanya, anaingia, anabadilisha. Akishabadilisha, mama anamshika mkono: "Kaa kidogo. Usikie huu mmoja, ulikuwa ukipigwa sana mwaka niliokuzaa." Basi anakaa pembeni ya kitanda, macho kwenye simu, wimbo unaisha, anaondoka. Hajakaa sawasawa huko sebuleni, anasikia tena, "Mwanangu, imekwisha."

Wewe ungevumilia? Sema ukweli, uko kanisani.

Yeye alichoka. Akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akaziingiza zile CD zote kwenye kompyuta, akaiweka sebuleni, akafunga spika kila chumba. Chumbani kwa mama akafunga ile kubwa, maana hata masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito. Kila kitu kikawa kinaendeshwa kwa simu ya yule bwana. Nyimbo zinafuatana zenyewe, asubuhi mpaka jioni, hakuna kubadilisha. Boksi la CD likapelekwa stoo.

Jioni ile akaingia kumweleza mama yake.

"Mama, sasa muziki hautakwisha tena. Hutapata taabu ya kuniita."

Mama akasikiliza kwa muda. "Sauti ni safi, mwanangu. Asante." Halafu akauliza, "Sasa wewe utakuwa unakuja kwa sababu gani?"

Bwana akacheka. Alidhani mama anatania.

Siku za mwanzo alikuwa akipita kumsalimia. Baadaye akawa akisikia muziki kutoka chumbani, inamtosha. Muziki unapiga, maana yake mama yupo, mama ni mzima. Chakula mkewe anapeleka. Mama akitaka sauti ipande anaita, na bwana, hapo hapo alipokaa kwenye kochi, anagusa simu, sauti inapanda. Wageni waliliona jambo hilo wakalitamani na wao.

Jumamosi moja mkewe na watoto wakaenda harusini. Bwana akabaki na mama, akawa anatazama mpira sebuleni. Huko nyuma dansi linapiga. Katikati ya mchezo akasikia mama anaita. Maneno hakuyashika, alisikia sauti tu. Akagusa simu, akaongeza muziki. Mama akaita tena. Akaongeza tena. Mama hakuita mara nyingine, na bwana akarudi kwenye mpira wake, ameridhika kwamba sasa mama anasikia vizuri.

Mkewe aliporudi, jua linazama, ndiye aliyefungua mlango wa chumba kile. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, mguu umepinda chini yake. Alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika. Alikuwa hai, midomo imekauka. Na muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mke alimwita mumewe kutoka mlangoni na hakusikika. Ilibidi amfuate sebuleni.

Hospitali walijitahidi, lakini mwili wa mama ulikuwa umeshachoka. Siku aliyopata nguvu ya kuzungumza, mwanawe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Simu ameizima.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sikukusikia."

"Ulinisikia, mwanangu." Mama hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemtuliza mtoto. "Nilipoita, ukaongeza muziki. Nikaita tena, ukaongeza. Nikajua una shughuli. Ndiyo maana nikanyamaza."

Hakurudi tena nyumbani. Alizikwa kwa heshima zote, watu walijaa, na mzungumzaji mmoja makaburini akasema kwamba mtoto wa kumtunza mama namna ile siku hizi hapatikani. Bwana alisimama pale akisikia sifa zile, na pale hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye yeye angeweza kumweleza alichoambiwa na mama yake hospitalini.

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na kompyuta. Kompyuta ilifanya ilichoagizwa. Ninazungumza juu yetu sisi, tunaosikia vizuri kabisa kwamba tumeitwa, na tunajibu bila kuinuka. Mke anaita, tunamnunulia kitenge. Mtoto anaita, tunampa simu achezee. Mzazi anaita kutoka kijijini, tunamtumia hela, na hela zikishafika tunalala usingizi. Na sisi kanisa tusijitoe. Mwaka jana mjane mmoja alikuja mara mbili kutueleza shida yake. Tulimwombea kwa sauti kubwa sana. Nani alikwenda kwake? Nauliza tena, nani alikwenda?

Hajaja tena yule mjane. Na wako miongoni mwetu wanaosema, bila shaka mambo yake yametengemaa, maana amenyamaza.

Basi sikilizeni, nimalize. Tukitoka hapa, kila mmoja wetu amkumbuke mtu wake ambaye zamani alikuwa akimsumbua na siku hizi hamsumbui. Usimshukuru Mungu kwa utulivu huo. Inuka, uende, ufungue mlango mwenyewe, umtazame.