Aliyeoshwa Haombi Uji

"Aliyeoshwa haombi uji! Futa hilo jibu, Rehani, na wewe Mwanjaa acha kumwiga kaka yako. Sentensi inasema mama anamfanya nini mtoto? Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, mtoto huogeshwa. Mkiandika 'anamwosha', mwalimu atakuja na ubani. Mnacheka? Wekeni kalamu chini basi, wajukuu zangu. Methali hii haikutoka kitabuni, ilitoka Pangani, uani kwa Bi Saumu.

"Bi Saumu alikuwa na mkwe mpya, Nyamizi, aliyeolewa kutoka Urambo. Binti mchapakazi, ila Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Kwake yeye, chochote kilichoguswa na maji kimeoshwa: sufuria, shati, mbuzi, shangazi. Bi Saumu alimpokea kwa shingo upande, na siku moja, akijitanda kanga kwenda harusini, alimwambia waziwazi, 'Nakuachia Bi Mashavu. Nikikuta dosari, kesho unarudi kwenu.'

"Bi Mashavu alikuwa mama mkwe wa Bi Saumu, kikongwe wa kitandani. Nyamizi, roho juu, akampashia maji, akamsugua mgongo, akamtia marashi, akamlaza na kumfunika shuka nyeupe. Bibi kwa raha akapitiwa na usingizi. Nyamizi akateleka uji.

"Mara hodi! Bi Kidawa, jirani. Mwanamke mwema, lakini mdomo wake haujui pazia.

"'Bibi hajambo?' akauliza.

"Nyamizi akaona nafasi ya kusifiwa ndiyo hii. Akachagua maneno yake mazuri mazuri.

"'Nimeshamwosha, nimemtia marashi, nimemfunika shuka nyeupe. Sasa amepumzika.'

"'Amepumzika?'

"'Ndiyo, alhamdulillahi!'

"Lo! Bi Kidawa alitupa kapu, akatoka njiani mikono kichwani: 'Jamani, Bi Mashavu katutoka! Na katoto haka kamemwosha peke yake!'

"Nyamizi akadhani labda watu wa pwani hulia wakifurahi sana. Kufumba na kufumbua ua umejaa, majamvi yametandikwa, jeneza limeletwa. Kila mama anayeingia anamkumbatia: 'Pole, mwanangu, pole sana.'

"'Asante,' anajibu Nyamizi, uso mkunjufu, 'haikuwa kazi kubwa.'

"Wanawake wakatazamana. Ama huyu ana moyo wa jiwe!

"Bi Saumu naye akafika mbio, kiatu mguu mmoja, anaomboleza. Alipokuwa anakaribia kuanguka chini, sauti ikatoka chumbani:

"'Nyamizi! Uji wangu uko wapi? Na kelele zote hizi, nani kafa?'

"Weee! Waliobeba jeneza waliruka ukuta. Bi Kidawa aliingia chini ya meza, na hakutoka mpaka alipovutwa. Walipotulia, Bi Saumu akamgeukia mkwewe, macho mekundu.

"'Umemfisha mama kwa ulimi! Umeniumbua mbele ya mji! Fungasha!'

"Nyamizi machozi yakamtoka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. 'Mama, nimekosa wapi? Nimemwosha vizuri, hata nyuma ya masikio.'

"'Usilirudie hilo neno!'

"'Afungashe nani?' Bi Mashavu akafoka kutoka kitandani. 'Saumu, njoo hapa. Mtoto huyu amekosea neno moja, kazi yote kaifanya. Wewe neno hukosei hata moja, lakini mwili wangu hujaugusa kwa maji tangu Idi. Na nyinyi nyote huko uani, na Kiswahili chenu cha kuzaliwa nacho, nani kati yenu aliyefungua mlango anitazame? Nyamizi, mjukuu wangu, shika hili: maiti huoshwa, mzima huogeshwa. Aliyeoshwa haombi uji. Mimi nauomba. Basi nimeogeshwa.'

"Bi Saumu akainama, haya imemjaa. Kisha akamfuta mkwewe machozi kwa ncha ya kanga. 'Usifungashe, mwanangu,' akasema. 'Kesho tutamwogesha sote wawili.'

"Tangu hapo, mtu akiokota neno la karibu na kulichomeka kwenye sentensi, huambiwa hivyo. Na anayekimbilia kulia kwa neno alilolisikia, kabla ya kufungua mlango, naye huambiwa hivyo hivyo. Haya, Rehani, mama anamfanya nini mtoto?"

"Anamwogesha, Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyeoshwa haombi uji."