Ndara za Mama Mkwe

Hebu fikiri nyumba ya makuti, na ndani yake Bwana Shekue amelala kitandani, sigara mdomoni, majivu yanadondokea godoro. Chumba cha pili alipanga Siwatu, mhudumu wa afya wa mtaa, pamoja na wanawe wawili.

"Baba, ipo siku utatuchoma," Siwatu alimwambia.

"Ukitaja tena sigara yangu, hama."

"Sitaitaja, baba."

Kesho yake Shekue aliingia akivuta, akaona mlangoni kwa Siwatu ndara nyekundu zilizofungwa kwa katani. Alizijua. Zilikuwa za mama mkwe wake, na mbele ya mkwe mwanamume havuti. Aliitupa sigara uani, akaikanyaga.

"Mkwe kaja?" alinong'ona.

"Ndara zake si unaziona?"

"Atakaa sana?"

"Mgeni haulizwi hivyo, baba."

Ndara hazikuondoka. Chumbani alimolala mkwe mwanamume haingii, basi kila asubuhi Shekue aliuamkia mlango na kuuachia bakuli la uji, na jioni alilikuta tupu. Kuvuta alikwenda hadi nyuma ya machinjio. Mvua za masika zilipomchosha, akaacha kabisa.

Siku moja akakutana na mkwewe sokoni.

"Mama, uji unakutosha?"

"Uji gani, mwanangu? Kwako sijakanyaga tangu mwaka jana. Siwatu alininunulia viatu vipya, akaniomba zile ndara kuukuu."

Shekue alirudi nyumbani mbio. Akamkuta Siwatu mlangoni, analamba kijiko.

"Sijaitaja, baba," alisema Siwatu.

Nawe ukitaka kuwasha sigara ndani, tafadhali kumbuka kutazama kwanza ni ndara za nani ziko mlangoni.