Panzi wa Viti Viwili

Wahenga hawakuwa na magari, lakini waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, nadhani walikuwa wakimwona Bi Pazia kwa mbali. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mtu akikupitia na msala wake mpya begani, macho hukutoka, ukautupa mbacha wako uliokustiri miaka yote. Naye akishakwenda zake na msala wake, unabaki umekaa sakafuni. Maana yake nyepesi, kila mtoto wa shule anaijua. Kazi ni kuikumbuka siku msala unapopita mlangoni kwako.

Bi Pazia hakuitwa hivyo na wazazi wake. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa alishona mapazia na vitambaa vya makochi katika chumba kilichotazama barabara, chenye meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na pasi ambayo haikupata kupoa. Alikuwa na miaka arobaini na ushei, hana mume wala hamtafuti, na aliishi na mama yake nyuma ya chumba hicho. Mama ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Kisha homa kali ikampata yule mama, akapona kwa kudra za Mungu, lakini alibaki na sikio moja tu linalosikia, la kulia. Yeye aliyekuwa akiongea kutoka jua kuchomoza hadi kuzama akaanza kunyamaza. Wageni wakija alikaa pembeni akitabasamu na kuitikia kwa kichwa, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza kitu. Bi Pazia alimwona mama yake akififia huku yuko hai, na hakuna jambo lililomuuma kama hilo.

Ndipo likaja gari. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, la kijani, fupi, limeinama barabarani kama paka anayevizia. Mwenyewe alikuwa akiliuza kwa bei ya kutupa, kwanza kwa sababu paa lake la turubai lilikuwa limechanika, na pili kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua mapacha.

"Nikimpakia mmoja, mwenzake nimweke wapi?" alisema yule bwana, huku akilifuta kioo kwa mkono wa shati kama mtu anayeaga ndugu.

Paa lililochanika liliwafukuza wanunuzi wengine. Bi Pazia alilipapasa, akacheka moyoni. Pale wengine walipoona hasara, yeye aliona kazi ya jioni chache tu. Alilinunua, akakata turubai nene, akalishona kwa mishono miwili miwili, na dirisha la nyuma akalitengeneza kwa ile plastiki angavu ya kufunikia meza. Mvua ya kwanza iliponyesha, mama alikaa ndani, akakinga kiganja chini ya paa, akangoja. Kiganja kikabaki kikavu.

"Mshono huo nimekufundisha mimi," alisema.

Majirani walilibatiza Panzi, kwa rangi yake na kwa jinsi lilivyoruka kidogo lilipoondoka kwenye taa za barabarani. Halikuwa gari la kitajiri. Lilikunywa mafuta kama ndege anywavyo maji, vipuri vyake vilipatikana, na fundi wa gereji alimwambia Bi Pazia kwamba gari la namna hiyo haliharibiki, huchoka tu, likapumzika, likaendelea. Lakini raha yake jamani! Ukikaa ndani, lami iko karibu kiasi cha kutaka kuigusa. Gia yake fupi iliingia kwa mlio mdogo mtamu, na kona za kilima chenye tangi la maji la mji, ambazo magari mengine yalizipita yakihema, Panzi alizichukua kama mtu anayezunguka meza jikoni kwake. Siku ya kupeleka mapazia, fimbo zake zilisimama katikati ya viti viwili, zikichungulia juu ya paa lililokunjwa, na watoto wa mtaani wakazipigia saluti.

Kila alasiri, baada ya kufunga kazi, Bi Pazia alimpakia mama yake wakaenda kupunga upepo. Na humo garini mama aliongea. Aliongea habari za ujana wake, za mwalimu wa ushonaji aliyekuwa na jicho kali, za marehemu mumewe alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima vinavyombana. Alisuta, alitania, alicheka hadi machozi. Aliporudi nyumbani, uso wake ulikuwa na nuru hadi usiku.

Bi Pazia alidhani ni upepo. Alimwambia kila mtu, "Upepo unamfaa mama." Hakutambua kwamba usukani ulikuwa kulia, kiti cha mama kikawa kushoto, na hivyo lile sikio moja zima lilikuwa limemwelekea yeye, karibu kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti. Alijua sikio gani linasikia, bila shaka. Lakini kujua jambo na kulikumbuka ni ndugu wawili ambao hawaishi nyumba moja.

Mwaka ule kaka yake mkubwa, mhandisi wa madaraja, alipata kazi nchi ya mbali. Alikuja kuaga akiendesha gari lake kubwa, jeusi, refu kama kabati la nguo, lenye viti vya ngozi na vioo vinavyoshuka kwa kubonyezwa.

"Dada, nakuachia hili ulitumie," alisema. "Liko juu, lina nafasi. Mama apande kama binadamu."

Shangazi yao alikuwapo. Huyu shangazi alikuwa mtu wa heshima sana, hasa heshima ya machoni pa watu.

"Afadhali umesema wewe, baba," alidakia. "Wifi yangu mtu mzima anatumbukizwa kwenye kile kigari kama sukari kwenye chai. Akitoka, anavutwa mikono miwili. Watu wanasema, tena wanasema sana."

"Wanasema nini, shangazi?" Bi Pazia aliuliza.

"Wanasema binti anajifurahisha, mama ndiye anayelipia kwa kiuno chake."

Maneno hayo yalimchoma Bi Pazia. Alimtazama mama, naye mama alikuwa akitabasamu na kuitikia kwa kichwa, maana shangazi alikuwa amekaa upande wa kushoto. Bi Pazia akachukulia kwamba naye amekubali. Alipiga moyo konde. Kabla wiki haijaisha, Panzi aliuzwa kwa mpiga picha za harusi, mwenye studio mtaa wa pili, aliyetaka gari la kuwapiga picha maharusi. Bi Pazia alimkabidhi funguo, akarudi kwa miguu akijiambia kwamba amefanya wema. Pesa aliziweka benki, na kila alipotaka kuzitumia, mkono ulisita.

Gari kubwa lilikuwa zuri, wala sitalisingizia. Mama alipandishwa nyuma, kwenye kiti kipana, akawekewa mto mgongoni na kanga magotini, kwa sababu shangazi alisema mtu mkubwa hukaa nyuma, mbele ni kwa wapambe. Shangazi mwenyewe akakaa mbele. Walizunguka mji mzima. Bi Pazia alisimulia jambo la kuchekesha lililompata kwa mteja, shangazi akacheka. Kwenye kioo, mama alitabasamu, sekunde kadhaa baada ya kicheko kwisha.

"Mama, unafurahi?" aliuliza Bi Pazia.

Mama aliitikia kwa kichwa.

Bi Pazia alishusha vioo vyote vinne ili upepo uingie. Siku ya pili alivishusha tena, akaenda mpaka kwenye kilima cha tangi la maji, kuliko na upepo wa kutosha kuangusha kofia. Mama alijifunga kanga vizuri, akatazama nje. Wiki zikapita. Nuru ile ya usoni ilizimika, na mama akaanza kukataa kutoka. Alisema amechoka. Alilala mchana, akala kidogo, akarudi kwenye ukimya wake wa zamani, na safari hii alikuwa amekwenda mbali zaidi. Bi Pazia alimpeleka hospitali, na daktari hakuona ugonjwa.

"Anakula? Analala? Anaongea na nani?" aliuliza daktari.

Bi Pazia alijibu yale mawili ya kwanza, akamshika mama mkono wakarudi nyumbani.

Jioni moja kaka yake akapiga simu. Kazi kule imenoga, mkataba umeongezwa, na amepata mnunuzi wa gari. Mtu atakuja kulichukua kesho.

"Si uliniachia, kaka?"

"Nilikuachia ulitumie, dada. Sikusema ni lako. Hilo Panzi lako si lipo?"

Kuhusu gari lake, kaka alikuwa amesema kweli; kuhusu Panzi, hakujua kwamba ameshauzwa. Asubuhi alisimama mlangoni akilitazama gari kubwa likipinda kona na kutokomea. Mapazia ya mteja yalikuwa yamekunjwa mezani, hana cha kuyapelekea, lakini hayo hayakumliza. Kilichomliza ni mama kutoka chumbani, kutazama pale lilipokuwa gari, na kurudi kulala bila kuuliza neno.

Alimfuata, akachuchumaa kando ya kitanda. Mama alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, sikio lake zima likiwa juu.

"Mama, nataka kwenda kumwomba mpiga picha aniuzie tena Panzi."

Mama akageuka. Akakaa kitandani. "Nipe viatu vyangu," alisema.

Studio ilikuwa karibu, lakini kwa mwendo wa mama waliifikia wakiwa wamelowa jasho. Uani, Panzi alikuwa ameegeshwa, na kwenye usukani alikaa daktari wa meno wa mtaa ule, kijana nadhifu, akijaribu gia moja baada ya nyingine kwa uso wa mtu aliyekwisha kupenda. Mpiga picha alikuja mbio na kamera yake shingoni.

"Bi Pazia, umechelewa kidogo tu," alisema. "Gari zuri, lakini si la harusi. Gauni likishaingia, bwana harusi anabaki nje. Nimechoka kuwapiga picha wamenuniana. Daktari hapa amelipenda, tunakamilisha sasa hivi."

"Nilikuja kukuomba unirudishie. Pesa yako ipo kama ulivyonipa."

"Nimeshamwahidi mtu. Ahadi ni deni, unajua."

Bi Pazia alijua kwamba mpiga picha ana haki, na daktari ana haki, na mwenye kosa ni yeye peke yake aliyetoa chake kwa mkono wake. Aligeuka kumshika mama mkono warudi nyumbani. Mama hakuwapo pembeni yake. Alikuwa ameuzunguka mkia wa gari, amefungua mlango wa kushoto, amejishusha taratibu kwenye kiti, na sasa alikuwa akijifunga mkanda.

"Shikamoo, mama," alisema daktari, akiwa hajui afanye nini na mikono yake.

"Marahaba, mwanangu. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Ukimpandisha humu, atakaa wapi?"

Daktari alitazama huku na huku, kana kwamba kiti kingine kingeweza kujitokeza. "Hapo ulipokaa, mama."

"Basi utanielewa. Hapa ni pangu."

Kisha akamwita bintiye, akamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo Bi Pazia hakuwa ameisikia tangu siku ile alipotoa funguo.

"Kwenye lile gari kubwa mliniheshimu mpaka mkanisahau. Mlinikalisha nyuma na mito yenu, nikaona visogo tu. Maneno yenu yalikuwa yanakwenda mbele, mimi nabaki na kelele za magurudumu. Nilinyamaza nisiwaharibie furaha. Lakini hiki kigari hakina nyuma. Hapa nakusikia hata ukipumua."

Bi Pazia alijiinamia juu ya mlango, akalia bila kujali nani anatazama. Alimwomba mama yake radhi, na mama akamfuta machozi kwa ncha ya kanga kama alivyokuwa akimfuta utotoni.

Daktari wa meno alizima gari, akashuka, akaweka funguo kwenye kiganja cha mpiga picha. "Mimi nimekuondolea ahadi," alisema. "Siwezi kununua gari lenye mtu ndani." Mpiga picha akacheka, akampa Bi Pazia zile funguo, na hakutaka zaidi ya pesa yake na pazia jipya la studio, la rangi ambayo haiwapi maharusi sura ya wagonjwa. Bi Pazia aliahidi kumshonea mawili.

Walirudi kwa njia ndefu, paa likiwa limekunjwa, na shangazi, aliyekuwa amesimama dukani na kikapu, akawaona wakipita.

"Mama," alisema Bi Pazia, "ahsante. Kwa kila kitu. Kwa kushuka kitandani. Kwa kukaa hapo."

"Ahsante wewe kwa kunileta," mama alijibu. "Sasa punguza mwendo, nataka yule wifi yangu anione vizuri."

Alipunguza mwendo, mama akampungia shangazi mkono kama malkia, na kabla hawajafika kwenye kona alikuwa ameshaanza kusimulia. Tangu siku hiyo magari mengi makubwa yamepita mtaani kwao, mengine mazuri kweli, na Bi Pazia huyatazama, huyasifu, kisha huenda zake kumfungulia mama yake mlango. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.