Upande wa Pili wa Kanga ya Mama

Somoe alikuwa fundi cherehani ambaye mikono yake haikusahau kipimo cha mteja. Hidaya, mpiga picha za ultrasaundi katika hospitali ya wilaya, hakuridhika na jibu la kwanza. Mwajabu, mwalimu mstaafu, alikubali mambo ambayo wengine waliyaogopa. Mwanamke aliyewaunganisha ni Siwema.

Siwema alishonesha kwa Somoe. Mara mbili Somoe aliona gauni limebana titi la kushoto, akaachia mshono kimya kimya, kwa kuwa fundi hausemi mwili wa mteja. Mara ya tatu aliweka mkasi chini.

"Shoga, gauni halina kosa. Nenda hospitali."

"Kisa nimenenepa?"

"Ungenenepa pande zote."

Hospitalini picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Siwema akaanza kujifunga kanga.

"Rudi ulale, dada," Hidaya alisema.

"Si hamna kitu?"

"Mashine ndiyo imesema. Mimi bado."

Akapima tena, akakiona kivimbe, kimejificha karibu na mbavu. Kinyama kikakatwa, kikapelekwa maabara. Ilikuwa saratani, haijasambaa.

Dawa aliyopewa Siwema ilikuwa mpya. Miaka sita nyuma, Mwajabu na wanawake wengine wenye saratani hiyo walikubali kufanyiwa majaribio ya dawa hiyo, kabla haijajulikana kiasi gani kinatosha. Kwao madaktari walijifunza. Kwa Mwajabu ugonjwa ulirudi. Yeye na Siwema walikutana wodini.

"Basi dawa ilinipita mimi ikashuka kwako," Mwajabu alisema, akaomba maji.

Sasa Siwema amepona. Halii wala hafurahi. Hula akiambiwa chakula kipo. Mama yake, aliyeuficha ugonjwa huohuo hadi ukamuua, alimwachia doti moja ya kanga isiyokatwa. Ijumaa kuna dua ya shukrani. Siwema atavaa upande mmoja. Wa pili atauvaa atakayeketi kando yake, na tangu siku hiyo atakuwa dada yake.

"Chagua basi, mkasi unapata kutu," wifi yake alimwambia.

"Nichagulie wewe."

"Titi halikuwa langu, wifi."

Tangu jana kanga imelala mapajani mwa Siwema, kama nguo ya mtu mwingine. Somoe alisema, lakini mara ya tatu. Hidaya alikuwa kazini kwake. Mwajabu hakumjua alipokubali kujaribiwa, na huenda Ijumaa asiweze kuketi. Angekosekana mmoja wao, Ijumaa tungemsomea Siwema hitima.

Mkasi huu hapa. Wewe uliyesikia yote haya, ungemvika nani?