Boila Mbili za Ngailo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ndefu huko nyanda za juu, mahali ambapo mwezi wa saba sakitu hugandisha hata maji ya kuku. Aliitwa Ngailo. Miaka yake ya kazi aliimalizia kwenye boila ya kiwanda cha chai, tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, na alipostaafu alitaka mvuke wa namna ileile upite katika mabomba ya nyumba yake. Mkewe, Kolumba, alikuwa na ugonjwa wa mifupa, na daktari alikuwa ameonya kwamba baridi itammaliza.

Fundi akamwuliza kama anataka boila moja au mbili. Moja ingetosha. Lakini Ngailo alikuwa na wana wawili, Odilo mkubwa na Vitus mdogo, akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Akafunga mbili, kila mwana na yake, kila upande wa nyumba na yake. Mabomba yakakutana chumbani kwa mama, ili moto wa huyu ukizimika, wa yule umlinde. Jiko la zamani la mawe, ambalo Kolumba alizoea kuliwasha mwenyewe, wakalivunja kwa sababu ya moshi. Kisha Ngailo akafa, akiamini kwamba mkewe hatapata baridi tena.

Kila alfajiri mvuke ulipoingia katika mabomba yaliyopoa, yaligonga: ko, ko, ko. Watu wa nyumba ile wakajifunza kuipenda sauti hiyo. Waliisikia wakiwa bado kitandani, wakajua joto linakuja.

Siku moja Odilo alichelewa kuamka, akasikia mabomba yanagonga. Ndugu yake alikuwa amewasha. Akajifunika tena. Siku nyingine Vitus naye akafanya hivyohivyo, na hakuna aliyeona ubaya, maana nyumba ilipata joto. Zikaja asubuhi ambazo moto uliwashwa jua limeshapanda. Mama aliziona, akanyamaza, kwa kuwa hakutaka kumshtaki mtoto mmoja kwa mwenziwe. Mama zetu ndivyo walivyo.

Ikaja alfajiri ya sakitu kali kuliko zote. Odilo akaamka, akasikiliza. Ko, ko, ko. Akashukuru, akalala. Upande wa pili Vitus akaisikia sauti ileile, akavuta blanketi. Sauti iliendelea kwa muda, ikapungua, ikakoma. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mabomba yakishapata joto hunyamaza.

Kulipokucha wakamkuta mama yao sakafuni kando ya bomba, amekufa. Mkononi alikuwa ameshika fimbo yake ya kutembelea. Bomba lilikuwa baridi. Boila zote mbili zilikuwa baridi, na kando ya kila moja kuni kavu zilikuwa zimepangwa hadi darini.

Vitus akamtazama nduguye, akasema, "Kaka, nilisikia yanagonga, nikajua umewasha wewe."

Odilo naye alikuwa na maneno hayohayo mdomoni.

Ndugu zangu, nimezika watu wengi, lakini habari hii imenishtua na bado sijatulia. Wangekuwa wamekosa kuni, ningewahurumia. Wangekuwa wanamchukia mama yao, ningewalaumu na kunyamaza. Lakini walimpenda, na kuni walikuwa nazo. Mnasema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Hapa waliotegeana ni wazima, wanakula na kulala, na aliyekufa ni mama yao.

Nanyi mnaojivunia kwamba ukoo wenu ni mkubwa na ndugu ni wengi, kesho alfajiri mkisikia kitu kinagonga, mtajuaje kama ni mvuke au ni mama?