Nyoka wa Chungu Kilichofudikizwa

Hapo zamani, kiangazi kilipoubana mji wa Kwemhosi hadi vyura wakahama na mizigo yao, paliishi Nakijwa, mfinyanzi asiyejua kutulia. Mtoto wake analilia maji, udongo wake unapasuka, naye huyo, nje ndani, ndani nje, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi Sempombe, mkulima mwenye jembe zito na macho mepesi, akatifua shamba, kwaa! Akavunja chungu cha watu wa kale. Mdomo haukuonekana, kitako hakikuonekana; vikabaki vigae vya tumbo, vimechorwa nyoka. Nakijwa akaviunga kwa ulimbo. Sasa, wafinyanzi wa Kwemhosi huanza chungu kwa mdomo, kikiwa kimefudikizwa, mdomo chini, kisha hukigeuza. Mikono yake ikafuata mazoea, ila akasahau kukigeuza: juu ikawa chini.

Akaja Mzee Shemhilu, msomaji wa michoro. Akakohoa kwanza, maana bila kikohozi mchoro hausomeki. "Huyu ni Nyoka wa Maji wa mababu. Anapanda. Maji yako kilimani!"

Wakachimba kilimani. Maji hayo, bwaa!

Na desturi yao ni hii: aliyefungua kisima huchota kwanza, yeye na nyumba yake, kiangazi hata kiangazi. Wa mwisho huambulia tope.

Nakijwa akakitazama tena chungu, akakumbuka hakukigeuza. "Jamani! Nimekiunga kichwa chini. Nyoka anashuka bondeni!"

Watu wakaguna. Bondeni walikwisha kuchimba, wakakuta mwamba mtupu.

"Kwa hiyo kisima ni changu," akasema upesi. "Kosa langu ndilo lililotupa maji."

"Kosa lako?" Sempombe akaruka. "Shemeji, ungeunga nini kama nisingevunja? Kosa la kwanza ni langu!"

"Tulieni, wanangu," akasema Mzee Shemhilu. "Ninyi mmekosea kwa mikono. Mimi nimekosea kwa kinywa, mbele ya mji mzima, na mji ukanifuata. Nani angepanda kilima kwa kuambiwa na kigae?"

"Babu, si jana tu ulisema hujawahi kukosea?" Sempombe akadakia.

"Leo nimeanza, na nimeanza vizuri!"

Mitungi mitatu ikagongana ukingoni mwa kisima. Nakijwa, mtoto mgongoni, akausukuma wa kwake mbele. Wenzake wakausukuma nyuma. Nyuma yao mji mzima, midomo mikavu, ukangoja.

Haya, ninyi mnaocheka, amueni kabla hawajatumbukizana: kati ya aliyevunja, aliyeunga na aliyesoma, ni kosa la nani lililostahili maji ya kwanza?